2 Unlimited au Snap!, nani mkali?

Wote ni makundi ya muziki wa dansi wa Ulaya ya miaka ya 90 na wote nyuma yao kuna maprodyuza wawili, ila Snap! ya Frankfurt waimbaji walikuwa wanabadilika tu, mara Penny Ford mara Thea Austin, wakati 2 Unlimited ilikuwa na sura zilezile za Waholanzi wawili, Ray na Anita, toka 1991 mpaka 1996. Kwa ngoma Snap! wanashinda, Rhythm Is a Dancer ya 1992 ilikaa namba moja Uingereza wiki 6 na haizeeki aisee. No Limit ya 2 Unlimited nayo ilishika namba moja 1993, ila Uingereza waliikata karibu rap yote ya Ray, inaniuma mpaka leo. Jukwaani lakini nawachagua Ray na Anita.