Thonny: kidirisha kinachofichua kigeu kimefia wapi

Kwa anayeanza lugha ya programu ya Python hapa Moshi na kompyuta mpakato ya kawaida, Thonny, programu ya kuandikia na kuendeshea msimbo wa Python, inatosha kabisa. Ni ya bure, imetoka Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, na kwenye Windows inakuja na Python yake ndani. Bando likiisha, kazi inaendelea.

Thamani yake inaonekana kwenye mipaka ya vigeu, yaani wapi jina lililobeba thamani linatambulika na wapi linapotea. Tuseme ni duka la ndizi sokoni Mbuyuni:

class Duka:
    mikungu = []
    def __init__(self):
        self.jumla = 0
    def uza(self, bei):
        jumla = self.jumla + bei

mbuyuni = Duka()
mbuyuni.uza(15000)
print(mbuyuni.jumla)

Inachapisha 0, wala hailalamiki. Sasa bonyeza Ctrl+F5 kuiendesha hatua kwa hatua, sogea kwa F6 hadi mstari wa mbuyuni.uza(15000), kisha F7 mara kadhaa kuingia ndani yake (kompyuta nyingine hudai ushike na Fn). Dirisha jipya linafunguka likiwa na self na bei. Mstari ukishatekelezwa, jumla inatokea humo ikiwa 15000. Methodi (kazi iliyoandikwa ndani ya klasi, hapa ni uza) ikiisha, dirisha linafungwa na jumla inaondoka nalo. Kilichokosekana ni self. mwanzoni mwa mstari. Ukiisahau pande zote mbili za alama ya = ni afadhali, maana Python inagoma kwa UnboundLocalError: jina linalopewa thamani ndani ya methodi huhesabiwa la humo humo, hata kama nje kuna jumla nyingine.

Kwenye mikungu, Thonny haikuonyi. Unda duka la pili, kiboriloni = Duka(), andika kiboriloni.mikungu.append("mshare") (mshare ni aina ya ndizi), na Mbuyuni nako mshare umefika bila kusafirishwa! Orodha ni moja, mali ya klasi Duka yenyewe, si ya kila duka. Hakikisha kwenye Shell (sehemu ya Thonny ya kuandikia amri moja moja) kwa mbuyuni.mikungu is kiboriloni.mikungu, jibu ni True. Dawa ni self.mikungu = [] ndani ya __init__.

Lawama yetu ni mwendo. Kupita kitanzi cha mizunguko 1,000 kwa F7 ni adhabu. Tumia F8 kuachia programu iende. Na wa lugha ya Java wasihangaike nayo: kosa lao la bei = bei ndani ya konstrakta (sehemu inayoandaa kitu kipya, kama __init__), palipotakiwa this.bei, Thonny haiwezi kuwaonyesha.