Tathmini ya kijitabu cha maandalizi ya Komunyo ya Kwanza

Kijitabu hiki, kilichotungwa kwa ajili ya watoto Wakatoliki wa miaka 7 hadi 9 wanaojiandaa kupokea Ekaristi kwa mara ya kwanza, kinafanya vizuri pale ambapo vingi vya aina yake huteleza: hakiielezi Ekaristi Takatifu kuwa ni kumbukumbu tu ya karamu ya mwisho, bali kinasema waziwazi kwamba mkate na divai hugeuka kuwa Mwili na Damu ya Kristo, huku maumbo ya nje yakibaki yaleyale. Ukurasa uliokusudiwa kumfundisha mtoto namna ya kupokea ndio bora kuliko yote. Mchoro unaonyesha mkono wa kushoto ukiwekwa juu ya wa kulia, hostia (mkate mdogo wa Ekaristi) ikiwa kiganjani, na neno moja tu chini yake: «Amina». Mtoto huelewa bila maelezo marefu.

Sehemu ya Kitubio (sakramenti ya kuungama dhambi), kwa bahati mbaya, imepewa aya mbili tu, ilhali kanuni ya 914 ya Sheria za Kanisa Katoliki inadai maungamo yatangulie Komunyo ya Kwanza. Saa moja ya kufunga kabla ya kukomunika imetajwa, lakini mwandishi amesahau kusema kwamba maji na dawa vinaruhusiwa, jambo ambalo watoto (na wazazi wao) huliuliza kila mara.

Historia imeguswa kwa kifupi: Papa Pio X, mwaka 1910, aliruhusu watoto wakomunike tangu umri wa kutumia akili. Inatosha. Maswali ya mwisho wa kila somo, hata hivyo, yanadai kukariri kupita kiasi, hivyo katekista (mwalimu wa dini) atalazimika kutunga ya kwake.