Darasa la Kiingereza la jioni hapa Nakuru: mwalimu anastahili pesa, cheti waachieni

Bei kwanza, maana ndiyo kila mtu huniuliza. Shilingi 3,500 kwa mwezi, jioni tatu kwa wiki, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili kasorobo. Unatuma kwa M-Pesa kabla hujakaa, risiti unaandikiwa kwa mkono. Liko ghorofani upande wa Mburu Gichua, juu ya duka la vipuri. Jina silitaji, kwa sababu lawama nilizo nazo si chache, na sifa karibu zote ni za mtu mmoja.

Mimi nina saiba, duka la kompyuta na intaneti. Kutwa nzima ni fomu za kodi za KRA, maombi ya mikopo ya wanafunzi ya HELB, picha za pasipoti na barua za kuomba kazi, na hizo barua ndizo zilizonipeleka darasani. Watu wanaomba kazi kwenye mashamba ya maua Naivasha, hoteli za hapa mjini, viwanda vya Industrial Area, na barua karibu zote zinafungwa kwa mstari uleule: "I am looking forward to hear from you." Mimi hugeuza "hear" nikaweka "hearing", kazi ikaendelea. Sasa kuna mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alinisimamia begani akakataa katakata. "Kijana, baada ya 'to' kitenzi hakiongezwi kitu. To go, to eat, to hear. Wewe ulisomea wapi?" Jibu nilikuwa nalo, sababu ndiyo sikuwa nayo. Mzee akalipa shilingi zake ishirini za kuprinti, akaondoka na "hear" yake.

Mwalimu wa maana pale tunamwita Madam tu. Anafundisha Kiingereza kwa Kiswahili, na kwangu hilo peke yake limelipa nusu ya karo. Kabla ya kueleza chochote aliandika sentensi tatu ubaoni:

I want to your reply.
I hope to your reply.
I look forward to your reply.

Akauliza ipi inapita. Askari wa geti aliyekaa nyuma, ambaye alikuwa bado na sare ya kazi, akasema ya tatu, na kweli ndiyo hiyo. Madam akamgeukia: "Umejuaje?" Jamaa akakwama. Madam akamsaidia. Hiyo "to" ya tatu, akasema, ni ndugu wa ile ya "I went to Gilgil". Ni kihusishi, na kihusishi kinataka jina mbele yake: Gilgil, reply, interview. Ukitaka kuweka kitenzi mahali hapo, sharti kwanza ukigeuze jina, na Kiingereza hukigeuza kwa "-ing". Ndiyo maana ni "I look forward to hearing from you", "I look forward to meeting you", "I look forward to working with your team". Zile za "want" na "hope", "to" yao ni ya kitenzi chenyewe. Ukiweka jina pale, sentensi inaanguka.

Kwa hiyo kipimo ni hicho: jaribu kuweka "your reply" au "the job" baada ya "to". Ikikubali, kitenzi kitakachofuata kitakuwa cha "-ing". Nimekitumia kwa wateja hapa dukani na kinashinda kubishana.

Akaongeza jambo ambalo sijawahi kulisikia kwa mwalimu yeyote wa Kiingereza. "Kusikia" yetu hufanya kazi zote mbili. Nataka kusikia, kusikia kwake ni kwa shida. Neno ni lilelile. Mswahili akiandika "natarajia kusikia kutoka kwako" moja kwa moja, mkono unamtupa kwenye "to hear" kwa sababu kwao hakuna njia panda. Mzee wangu wa saiba angekuwa pale jioni hiyo, tungemalizana vizuri.

Ila somo lililonifanya nilipe mwezi wa pili lilikuwa la "used to". Mwanafunzi mmoja ni dereva wa matatu anayetafuta kazi ya malori ya masafa marefu. Tangazo lilitaka mtu wa kuendesha usiku, naye akaandika: "I used to drive at night." Madam akaisoma kwa sauti, akavua miwani. "Hapo umemwambia tajiri kwamba uliacha." Darasa likacheka, dereva akakunja uso, kwa sababu alichotaka kusema ni kwamba usiku haumsumbui. Hiyo inaandikwa "I am used to driving at night."

Tulikaa hapo karibu jioni nzima, na hakuna aliyesinzia. "I used to live in Kaptembwo" maana yake ulihama. "I am used to living in Kaptembwo" maana yake bado uko, na umezoea makelele yake. Kinachotenganisha mbili hizo ni "am" na "-ing", na mtu wa ofisi anayesoma barua hatakupigia simu kuuliza ulikusudia ipi. Kisha akatuonyesha kwamba ikitangulia "did", ile "d" ya mwisho ya "used" inadondoka: "Did you use to work there?", "I didn't use to drink tea." "Did" imeshabeba wakati uliopita, haina haja ya kubebwa mara mbili. Na kwa sababu mdomoni inatoka kama "yustu", sikio halisaidii kitu, ndipo watu wanaandika "I use to" wakimaanisha zamani. Hilo naliona kila wiki kwenye karatasi zinazoletwa kwangu.

Mengine alipita haraka. "Committed to", ambayo barua zetu zinaipenda kupita kiasi, inafuata njia ileile: "committed to working hard", "to work" hapana. "Object to" vilevile. "Look forward for" ifuteni tu. Kati ya "I look forward" na "I am looking forward" zote ni sawa, ila ya kwanza ni rasmi zaidi, ya pili ina uchangamfu.

Sasa lawama. Jumatano anaingia mwalimu mwingine, kijana mwenye suti nzuri, anayesoma karatasi kuanzia juu hadi chini. Ukimuuliza kwa nini, jibu ni "hivyo ndivyo ilivyo, kariri." Kibaya zaidi, alituambia "looking forward to meeting" ni ya kuandikia marafiki na "to meet" ndiyo ya ofisini. Hapana. Ni "meeting" ofisini, nyumbani na kanisani. Dereva wetu alimwekea kipimo cha "your reply" mbele ya watu wote, kijana akasema tutaendelea wiki ijayo. Hatukuendelea.

Nakala za masomo unauziwa shilingi 200, na zimetolewa fotokopi juu ya fotokopi mpaka herufi za pembeni zimemezwa. Stima ikipotea hakuna jenereta, mnasomea tochi za simu. Makanga wa Njoro wanaita abiria chini ya dirisha kana kwamba wamelipwa kutukatiza. Na kile cheti ni shilingi 1,000 juu ya karo, kina muhuri mkubwa wa dhahabu, lakini hakuna mtihani wowote unaofanya ili ukipate. Ukihudhuria na kulipa, ni chako. Mimi sikuchukua. Sijaona barua ya kazi iliyopita kwangu ikainuliwa na karatasi ya aina hiyo.

Bango lao pia linaita watoto wa Form Four. Hapo nawashauri wazazi wasikimbilie. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ina alama 60: 20 za uandishi wa kiuamilifu (barua, ripoti na kadhalika), 10 za kujaza mapengo, 30 za stadi za mazungumzo. Sarufi yenyewe iko karatasi ya pili. Darasa hili litamsaidia mtoto kufunga barua vizuri, basi. Mashairi na ufahamu hawagusi kabisa. Madam mwenyewe aliwaambia wazazi wawili hivyo mlangoni, na sidhani mwenye darasa alifurahi.

Mkienda, ulizeni kwanza Madam yuko zamu zipi kabla ya kutuma pesa. Kwa sasa ni Jumatatu na Alhamisi. Lipeni mwezi mmoja mmoja, nakala pigeni picha kwa jirani, na wanaorudi Lanet au Free Area wakae karibu na mlango, maana saa mbili foleni ya matatu huwa imeshafika barabarani.