Ndoo ya mfuniko ya lita 20 kama begi la dharura la familia: miezi nane nayo hapa Mabatini, Mwanza

Nianze na bei maana najua ndo mnachotaka kwanza. Elfu tisa pale Makoroboi, ndoo nyeupe ya lita 20, mfuniko wa kubana, mshikio wa waya. Muuzaji alianza na elfu kumi na mbili tukavutana weee mwisho akasema haya mama chukua. Zipo za bei ya chini zile zilizokuwa za kuwekea rangi ya kupaka, ila kwa kitu ambacho kitakaa chakula na dawa za watoto mi sikushauri kabisa, ile harufu haitoki hata uisugue na majivu wiki nzima.

Sasa ndoo ina nini cha kuandikiwa hivi? Mi nakaa Mabatini upande wa chini, Mto Mirongo uko jirani, na mtu wa Mwanza anaelewa nikisema hivyo inamaanisha nini. Mvua ikipiga huko milimani maji hayana pa kuingia, ni majabali matupu, yanateleza yote yanashuka kwetu kwa mkupuo mmoja. Mwezi wa 12 mwaka jana saa nane usiku niliamka kumgeuza mdogo, nikashusha mguu nikakanyaga maji. Umeme hakuna, simu ina asilimia nane, baba watoto yuko safari. Namuita mkubwa, ana miaka mitano, haitiki, namuita tena haitiki, kumbe kaingia uvunguni kajikunja kule mwisho ukutani kanyamaza kimya na maji yanaingia. Nilimvuta kwa mguu. Jamani ile dakika nikiikumbuka mpaka leo mikono inatetemeka. Tulitoka na nguo za kulalia tu, kadi ya kliniki ya mdogo ikaloa ikawa kama uji, cheti cha kuzaliwa cha mkubwa kikanichanikia mkononi.

Baada ya hapo nikaenda kununua begi la huduma ya kwanza, lile jekundu la tayari, elfu arobaini na tano, duka moja hapa mjini sitalitaja. Ndani kuna bandeji, plasta, pamba, mkasi ambao haukati hata uzi. Hakuna hata kitu kimoja cha mtoto. Miezi miwili zipu ikashika kutu, na siku nilipolimwagia maji ya bomba kulijaribu yakaingia yote. Nikachukua na taa ya kuchaji hapohapo, ikawaka chini ya saa moja ikafa. Ndo nikakaa chini nikafikiria, vitu vyote nilivyotafuta ule usiku vilikuwepo nyumbani, kanga zipo, sukari ipo, dumu lipo, kilichokosekana ni mahali pamoja pakavu ninapoweza kupafikia gizani kwa mkono mmoja huku mwingine umebeba mtoto. Ndo hiyo ndoo.

Jaribio nililoifanyia: nikaweka ndani karatasi za choo roli mbili, nikafunga, tukaizamisha kwenye pipa la maji la uani. Haizami! Inapanda juu kwa nguvu, baba watoto ilibidi aikandamize kwa mikono miwili na uzito wake wote, dakika kumi, ilivyofunguliwa karatasi kavu kabisa. Kwa hiyo hata maji yakikukuta hujaishika inaelea na vitu vyako vyote. Lakini siri iko kwenye kufunga. Ukiangalia ndani ya mfuniko kuna kampira kembamba kamezunguka, inabidi ubonyeze kwa kiganja pole pole ukizunguka ukingo wote na utasikia ta, ta, ta, pakibaki sehemu moja haijalia basi hapo maji yataingia. Mara ya kwanza mi niliibonyeza katikati nikadhani imefunga, nikaikuta na maji chini.

Kasoro sasa. Ile plastiki ya kushikia kwenye waya ilivunjika mwezi wa pili tu wa kuitumia, ndoo ikiwa na kama kilo tisa hivi, waya ukanikata kiganja. Fundi baiskeli alinipa kipande cha tyubu kwa buku nikaviringisha na sasa imekuwa nzuri kuliko mwanzo, haitelezi hata mkono ukiwa na maji. Kasoro ya pili ni kuifungua, vidole vikiwa vimelowa na baridi huwezi, kucha zitang'oka. Nimefunga kijiko kikubwa cha chuma kwa kamba kwenye mshikio, unaingiza mpini chini ya ukingo unanyanyua.

Na hapa naomba mnisikilize wenye watoto wadogo sana wanaotambaa au ndo wameanza kutembea. Ndoo yenye maji bila mfuniko ni hatari kubwa ndani ya nyumba. Mtoto wa umri huo kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili wake, akiinama kuchungulia anatumbukia kichwa chini miguu juu na hawezi kujitoa, na hapigi kelele, maji kidogo tu chini ya ndoo yanatosha. Sisi tunahangaika na mafuriko ya nje wakati ndoo ya kudekia iko wazi mlangoni. Kwangu sasa hivi chombo chochote cha maji kina mfuniko au kimegeuzwa.

Ndani nimeweka nini, nitasema yale ambayo yamenisaidia kweli. Kanga doti moja, yaani vipande viwili, na hapa sifa zote kwa kanga. Kipande kimoja mdogo yuko mgongoni mikono yote miwili iko huru, kingine ni blanketi, ni pazia la kubadilishia, ni kitambaa cha kufungia mkono ulioteguka, ukikikunja mara nne ni chujio la maji yenye tope. Nakala za vyeti na kadi za kliniki kwenye nailoni mbili mbili, orijino ziko kwa bibi yao Ukerewe. Tochi ya betri na betri zake pembeni zimefungwa kwa mpira, usiziache ndani ya tochi zitavuja. Koroboi na mishumaa nimekataa kabisa, watoto gizani wamechanganyikiwa halafu uwashe moto, hapana. Sabuni, nepi sita, nguo moja moja za watoto namba moja kubwa zaidi maana wanakua, hela za chenji chenji elfu ishirini kwa noti ndogo kwa sababu simu ikizima hela yote ya kwenye simu ni kama huna.

Chakula nilikosea mwanzo, niliweka karanga za kukaanga. Nesi wa kliniki akaniambia karanga nzima mtoto chini ya miaka mitano inaweza kumpalia ikakaba, tena akiwa analia ndo kabisa. Nikatoa nikaweka siagi ya karanga kopo dogo na biskuti. Biskuti badilisha kila mwezi, joto la ndani ya ndoo linaziharibu haraka.

ORS, ule unga wa kuchanganya na maji kwa mtoto anayehara, pakiti sita na vidonge vya zinki. Watu wanaona mafuriko wanawaza kuzama tu, lakini vyoo vyetu vya shimo vikijaa vinamwagikia humohumo, wiki inayofuata ni kuhara na ikija kipindupindu mtoto anakauka ndani ya masaa. Pakiti zikiisha ni maji safi na salama lita moja, sukari vijiko vidogo vya chai sita na chumvi nusu kijiko, vyote vya kusawazisha sio vya kulundika, chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Ndo maana ndani kuna kijiko cha chai na chupa ya lita moja iliyoandikwa, na sukari na chumvi kwenye vikopo vya dawa vilivyooshwa. Hiyo ni ya kumshikilia wakati mnaenda kituo cha afya, sio ya kukaa nayo nyumbani mkingoja.

Maji ya kunywa hayaingii humo, hayo ni kazi ya madumu. Mi nahesabu lita tatu kwa mtu kwa siku, tuko wanne, siku tatu, ni lita 36, kwa hiyo madumu mawili ya lita 20 yaliyokuwa ya mafuta ya kula, yamekaa juu ya kabati la jiko, nabadilisha maji kila Jumapili na yale ya zamani nafulia. Ya bomba yakikatika na ukabaki na ya kisima chuja kwanza kwa kanga halafu chemsha mpaka yatokote kabisa, au tia WaterGuard, ile dawa ya kutibu maji, ufuate pakiti inavyosema na usubiri nusu saa. Nusu saa kweli jamani, sio dakika tano.

Dumu lina kazi nyingine kwetu wa ziwani. Tukienda Ukerewe kwa bibi watoto wanacheza ufukweni na mimi nabaki na dumu tupu la lita tano limefungwa kamba ndefu. Dumu tupu lililofungwa vizuri la lita 20 linabeba karibu kilo 19 kabla halijazama, la tano linatosha kumshikilia mtoto. Mtu akizidiwa unarusha dumu unavuta kamba, hujirushi wewe, wangapi huku wamekufa wawili kwa sababu wa pili alimfuata wa kwanza. Ila kwenye mtumbwi au boti halichukui nafasi ya jaketi la kuokolea, hata kidogo. Sisi wa huku tumezika watu wa meli ya MV Bukoba iliyozama Mei 1996, tukazika tena wa kivuko cha MV Nyerere pale Ukara Septemba 2018, zaidi ya 220, sitaki kusikia mtu anasema jaketi la mtoto ni ghali.

Sasa kitu cha jero ambacho kwangu kimezidi hata ndoo yenyewe. Filimbi. Mtoto akiogopa anajificha, ndo alichofanya wangu, uvunguni, kabatini, nyuma ya mlango, na ukimuita kwa sauti ya hofu anazidi kujikunja. Kwa hiyo tulianza mchezo wa ndoo kila Jumamosi kabla ya chai. Filimbi mara tatu maana yake toka ulipo njoo ushike ndoo. Simu nimeweka mlio wa saa, mara ya kwanza dakika tisa mpaka wote wanne tuko barabarani, mkubwa alirudi ndani mara mbili kutafuta kagari kake alikotengenezewa na chupa. Nikamwambia sawa kagari kaishi kwenye ndoo, hapo ndo nyumbani kwake. Hajarudi ndani tena. Sasa tunatoka chini ya dakika tatu. Kazi yake ni kuvaa filimbi ya pili shingoni na kushika kanga yangu, namba yangu ya simu anaiimba, na 112 ya dharura na 114 ya zimamoto anazijua, na pia nimeiandika namba yangu kwa maka peni ndani ya kola ya shati lake.

Tunapopanda pia tulipachagua mchana. Sio kuvuka daraja, sio kukatisha mtaro. Maji yanayokimbia yakikufika nusu ya mguu chini ya goti yanaweza kukuangusha mtu mzima, mtoto ndo usiseme, na usiku mtaro huuoni. Na sio kujibanza chini ya jabali kwa sababu linazuia mvua, udongo ukilowa mawe yanaporomoka huku kwetu. Tunaenda kwa mama mmoja juu kidogo, baraza yake ina sementi na ameshakubali, tena nilimpelekea sato wawili siku ya kumuomba.

Mwezi wa nne masika ilitupata kweli. Saa kumi alfajiri, maji yalikuwa yamefika ngazi ya pili. Filimbi, mkubwa akatoka chumbani mwenyewe anakimbia kashika mkono wa mdogo, nikabeba ndoo, baba watoto dumu moja, mpaka kwa yule mama tukakaa hadi kumekucha. Mdogo alikula biskuti tatu akalala kwenye kanga. Hakuna karatasi iliyoloa.

Nyota nne kati ya tano, moja nimetoa kwa ajili ya ule mshikio. Anayeenda kununua kabla ya vuli kuanza mwezi wa 10, nenda asubuhi jua halijawaka maana plastiki iliyokaa juani inakuwa laini hutajua ubora wake. Igeuze ubonyeze kitako kwa dole gumba, ikibonyea kirahisi iache. Fungua na kufunga mfuniko mwenyewe mara tatu mbele ya muuzaji, uhakikishe kale kampira kapo, kuna nyingine hazina na kwa macho zinafanana kabisa.