Gia boksi ya gia 4 kwa Chevelle, Cutlass na GTO: nunua ipi, na kwa nini kebo ndiyo ya kwanza

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji mlioko Marekani yanafanana. Mtu ana Chevelle ya 1970, gari la General Motors (GM), amechoka injini kulia barabara kuu kwa sababu gia boksi yake ya otomatiki, TH350, ina gia 3 tu. Ananunua otomatiki ya gia 4, anafunga, na mwezi haujaisha klachi za ndani zimeungua, oili inanuka. Swali ni lile lile: nimeuziwa mbovu? Wapo waliouziwa mbovu kweli. Wengine kebo ndiyo iliyowamaliza.

Ni ile inayotoka kwenye kabureta na kuingia ubavuni mwa gia boksi, mafundi wanaiita kebo ya TV (throttle valve, si televisheni). Watu hudhani kazi yake ni kuamua gia ibadilike lini tu, basi gia zikichelewa kubadilika wanailegeza, gari linatulia, wanafurahi. Kumbe wameshusha presha ya oili inayobana klachi. Klachi isiyobanwa inateleza, ikiteleza inapata moto, na hapo habari yake imekwisha.

Kiwandani kebo hii ilienda na kabureta kama Quadrajet. Ukiweka kabureta ya Holley bila kibati cha kurekebisha, tundu la kufungia kebo linakaa umbali usio wake na kebo inavutika kwa kiasi kisicho sahihi. Kwa hiyo nunua kwanza kibati cha kabureta yako, gia boksi baadaye. Kuiseti: zima injini, bonyeza loki, sukuma kitelezi kirudi nyuma hadi mwisho, achia loki, halafu mtu akanyage pedali mpaka sakafuni. Utasikia tik-tik-tik. Kama pedali haifungui kabureta yote, tengeneza hilo kwanza. Na usiingie barabarani bila kupima kwa geji ya presha.

Sasa, mimi ni mtu wa GM na sijifichi. Namba moja ni 200-4R, otomatiki ya gia 4 ya GM, ya 1981 hadi 1990. Urefu wake unalingana na TH350 ya mkia mfupi, kwa hiyo propela shafti haikatwi. Unasogeza tu nyuma mtambaa unaobeba gia boksi. Nyingi zina matundu ya bolti ya aina mbili, zinafunga kwenye Chevrolet na pia kwenye Pontiac, Oldsmobile na Buick. Uwiano wa gia ya nne ni 0.67: difu ya 3.73 inakuwa kama 2.50, na injini inapumua.

Namba mbili, 700R4, nayo otomatiki ya gia 4 ya GM. Gia ya kwanza yenye uwiano wa 3.06 inaondoka kwa nguvu, lakini ya pili ni 1.63 na pengo hilo utalisikia. Ni ndefu kwa takriban inchi 3, na matundu yake ni ya Chevrolet tu. Mwenye GTO anahitaji adapta. Za 1982 hadi 1984 ziache, shafti yake ya kuingilia ni ya meno 27 na ni dhaifu. Tafuta ya 1987 kuendelea.

Mwenye Mustang ana AOD, otomatiki ya gia 4 ya Ford, nayo haijaepuka balaa la TV. Asiyetaka kusikia habari za kebo kabisa anunue Tremec TKX ya gia 5, akanyage klachi mwenyewe, na aandae maelfu ya dola. TH350 ya bei poa? Unayo tayari.

Kinachonichefua ni wauzaji. Buick Grand National ya 1986 na 1987 ilitumia 200-4R yenye herufi BRF, basi siku hizi kila boksi lililong'olewa kwenye gari la kawaida la familia linatangazwa ni “Grand National” na bei inapaa. Wanalipaka rangi ya fedha, wanaliita jipya, na ukiuliza ndani kumebadilishwa nini unaambiwa “kila kitu”. Kila kitu bila risiti! Omba picha ya kibati chenye herufi, iliyopigwa leo. Akianza hadithi kwamba kilidondoka, lipa bei ya boksi la kawaida au ondoka.