Antalya: basi la ziara hapana, dolmuş ndiyo

Jamani wenye mpango wa kwenda Uturuki ngoja niwaambie mapema. Mimi nauza nguo soko la Owino, Kampala, Istanbul naenda kufunga mzigo pale Laleli na siku zote narudi Entebbe sijaona kitu zaidi ya maduka, sasa mwezi wa tisa nikasema safari hii hapana, nikaenda na dada yangu mkubwa, Hajjati, tukachukua ndege ya ndani mpaka Antalya kwenye pwani yao ya Mediterania, siku sita.

Siku ya kwanza tukalipia ziara ya basi kwa kampuni moja ya huko. Bei ilikuwa chini sana, wakatuambia Aspendos na Side, miji ya kale, na chakula cha mchana ndani yake. Saa moja asubuhi tumeshakaa kwenye basi, kumbe kituo cha kwanza ni duka la dhahabu, saa nzima na nusu, unaingia mlango huu na wa kutokea uko kule mwisho na muuzaji anakufuata hatua kwa hatua, tukitoka hapo tunapelekwa duka la makoti ya ngozi. Chakula kweli kilikuwepo ila maji ya kunywa unalipa. Aspendos tukapewa nusu saa!! Ule ukumbi wa maonyesho wa pale ni wa Warumi, karne ya 2, umesimama karibu wote na mpaka leo opera zinafanyika mle ndani. Hajjati alipanda ngazi za mawe mpaka juu kabisa, mimi nikabaki chini katikati nikamwita kwa sauti ya kawaida tu, akaniitikia. Nilitaka kukaa pale mpaka alasiri lakini basi lilikuwa linapiga honi. Side tukaipitia mbiombio. Hiyo huduma naipa nyota moja, na hiyo moja ni ya dereva aliyeendesha taratibu.

Kesho yake tukaanza kutembea wenyewe na raha ikaanza hapo. Dolmuş ni basi dogo la abiria, kama zile taksi zetu za Old Park Kampala, jina lenyewe kwa Kituruki maana yake imejaa. Kondakta hakuna. Tuliokaa nyuma tulimpa nauli wa mbele yetu, naye akampa wa mbele yake, mpaka ikamfikia dereva, na chenji ikarudi njia ileile mkono kwa mkono, haijapungua hata sarafu, Hajjati akaihesabu mara mbili kisha akawashukuru wote.

Tulienda Alanya, kama kilomita 130 hivi, milima ya Toros mkono huu na bahari mkono huu. Pale bandarini kuna Mnara Mwekundu wa mwaka 1226 wa sultani Alaeddin Keykubad, una pembe nane, na ngome yake iko juu ya mlima, pandeni kwa gari la waya kama magoti yanasumbua. Njiani kuna akina mama wanasukuma gözleme, yaani unga unasukumwa kwa kijiti kirefu chembamba mpaka unakaribia kuona mkono upande wa pili, wanaweka jibini na mchicha wao wanakunja wanachoma kwenye bamba la chuma. Mpenzi wa rolex, ile chapati yetu ya kukunjwa na mayai, ataelewa. Nilikula tatu.

Kuhusu bahari, waliozoea Mombasa wajue kwamba huku maji hayapwi wala kujaa kwa kiasi cha kuonekana, asubuhi yapo palepale na jioni palepale. Ufukwe wa Konyaaltı ni kokoto tupu, zinachoma nyayo mchana na kina kinashuka haraka, bebeni viatu vya mpira na watoto wasiachwe peke yao. Mchanga uko ufukwe wa Lara. Kuogelea bure, mwavuli na kiti ndio unalipia.

Kwa Waislamu wenzangu, chakula hakina wasiwasi, na mji wa kale wa Kaleiçi kuna msikiti wa Yivli Minare, mnara wa matofali wa karne ya 13, tuliswali pale adhuhuri tukatoka mioyo imetulia kabisa.

Siku ya mwisho tukarudi Side wenyewe, basi mpaka Manavgat halafu dolmuş. Tukakaa karibu na zile nguzo tano za hekalu la Apollo zilizo ukingoni mwa maji, hakuna wa kutupigia honi, tukanywa chai kwenye vile vibilauri vidogo mpaka jua likaingia baharini na nguzo zikawa nyeusi. Muulizeni dereva mapema dolmuş ya mwisho inaondoka saa ngapi.