Maikrofoni ya INMP441: sikio la taa zako

Karibuni jamani. Hebu tazameni ukanda huu wa taa. Besi ikigonga, wekundu unaruka. Mwimbaji akiingia, bluu inawaka pale katikati. Na hakuna waya wowote unaotoka kwenye spika kuja huku. Anayesikiliza ni huyu mdogo hapa, maikrofoni ya INMP441, na ndiyo ninayoichambua leo.

Wengi wetu tukitengeneza taa za muziki, akili yote tunaipeleka kwenye taa, maikrofoni tunachukua yoyote. Mimi nilianza na ya analogi, ile inayotuma sauti kama umeme unaopanda na kushuka, nikaiunga kwenye ESP32, kompyuta ndogo inayoziendesha taa, taa zikawa zinachezacheza hata chumba kikiwa kimya. Nilipekua programu siku mbili nzima. Kumbe programu haikuwa na kosa: waya wa sauti ulikuwa unaokota kelele za umeme wa taa zenyewe!

INMP441 inageuza sauti kuwa tarakimu humo humo ndani yake, biti 24 kwa kila sampuli, yaani kila kipimo kimoja cha sauti, kisha inazituma kwa I2S, njia ya kupitisha sauti ya kidijitali kati ya vifaa. Kinachopita kwenye waya ni tarakimu tupu, kwa hiyo zile kelele hazipati pa kujichanganya na muziki. Kwa hili pekee naipa alama za juu.

Ila angalieni umeme. Hii ni ya volti 3.3, na ukanda wangu wa taa, aina ya WS2812B, ni wa volti 5. Ukikosea ukaiunga upande wa taa, umeiua. Na katundu haka kadogo ndiko sauti inakoingilia. Msikazibe kwa gundi.

Sasa tuje kwenye kuchelewa, maana hapa ndipo taa zinapendeza au zinaudhi. Mimi nachukua sampuli 22,050 kwa sekunde, na kila 512 zikijaa, ESP32 inapiga hesabu ya Fourier kutenganisha besi na sauti za juu. Kuzijaza ni kama milisekunde 23. Nilijaribu 1024: besi zikatengana vizuri zaidi, lakini muda ukawa 46, na jicho langu likaanza kuona taa zinaifuata ngoma kwa nyuma. Nikarudi 512. Halafu mwanga uacheni uwake ghafla na ufifie taratibu, la sivyo mtapata kumetameta kunakochosha macho.

Udhaifu wake? Usikivu wake uko sawasawa kuanzia hezi 60, yaani mitetemo 60 kwa sekunde, kwenda juu. Ile besi nzito ya chini kabisa, unayoisikia kifuani, inaipata kwa unyonge, hivyo kwenye programu nimeiongezea nguvu bendi ya chini.

Kwangu mimi imefaulu, na ya analogi siirudii. Jaribio la mwisho ni lile lililonishinda mwanzo. Nazima muziki... nanyamaza na mimi...

Mmeona? Giza. Hakuna hata taa moja iliyotikisika.